Wasiwasi Ndio Akili: Kumsoma Jonathan Haidt Kutoka Nairobi

Jaribu kutafsiri jina la kitabu cha Jonathan Haidt, The Anxious Generation, uone utakavyokwama. "Kizazi chenye wasiwasi" inaonekana sawa mpaka umtamkie mtu aliyelelewa kwa Kiswahili. Atakujibu hapo hapo: wasiwasi ndio akili. Ndivyo tulivyoambiwa tuliporudi kuangalia kama mlango umefungwa, tulipohesabu chenji ya makanga mara mbili, tulipokataa kupanda matatu yenye abiria wawili tu saa nne usiku. Wasiwasi wa aina hiyo unakulinda.

Lakini neno lina upande mwingine. Lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono: shetani anamnong'onezea mtu hadi anatilia shaka udhu aliotia sasa hivi, anarudi bombani, anatia tena, na tena. Huo haumlindi mtu. Unamla.

Nimekisoma kitabu cha Haidt nikiwa na maana hizo mbili kichwani, na naona kwamba ya pili anaijua vizuri sana, ya kwanza anaigusa tu na kupita. Kwa kijana wa Nairobi tofauti hiyo ni kubwa. Ukimtibu mtu wasiwasi wake wote kana kwamba ni ugonjwa, utamwondolea na akili.

Anachosema

Haidt ni mwanasaikolojia wa jamii katika Chuo Kikuu cha New York. Kitabu chake kilitoka Machi 2024, na muda si muda kikawa mikononi mwa wazazi, walimu wakuu na wanasiasa wa nchi tajiri. Novemba mwaka huo huo Bunge la Australia lilipitisha sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na ikaanza kutekelezwa tarehe 10 Desemba 2025. Sisi hapa hatukumngoja Haidt: Agosti 2023 ombi la kupiga TikTok marufuku lilikuwa limeshafika katika Bunge letu la Kitaifa.

Hoja yake ni rahisi kuifuata. Facebook ilileta kitufe cha laiki mwaka 2009, Instagram ikazinduliwa 2010, simu zikapata kamera ya mbele, na kati ya 2010 na 2015 utoto wa watoto wa nchi hizo ukahama kutoka uwanjani hadi kwenye kioo cha simu. Anataja madhara manne: kukosa kukutana na watu ana kwa ana, kukosa usingizi, akili kukatwakatwa vipande isiweze kutulia, na uraibu. Kisha anatoa dawa nne: mtoto asipewe simu janja kabla ya sekondari ya juu, asiingie mitandaoni kabla ya miaka 16, shule ziwe bila simu, na watoto warudishiwe mchezo na uhuru wa kuzurura bila mtu mzima kuwachunga.

Jamaa anaandika vizuri. Sura yake kuhusu wasichana, jinsi picha za wenzao zilivyogeuka kuwa mtihani wa kila siku usio na likizo, inauma hata ukiisoma haraka. Na kuna jambo moja ambalo nadhani ndilo bora zaidi katika kitabu kizima: kwamba huu ni mtego wa pamoja. Mzazi mmoja akimnyima mtoto simu, mtoto anatengwa, kwa sababu wenzake wote wako huko. Kila mtu yuko kwa kuwa kila mtu yuko.

Wanasayansi wenzake hawajamkubalia wote. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski walichapisha uchunguzi wa data ya vijana zaidi ya 350,000, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza asilimia 0.4 tu, tena kwa wingi wake, ya tofauti za hali njema kati ya kijana na kijana. Uhusiano huo waliulinganisha na ule wa kula viazi. Sisi tuliomaliza chuo kwa chipo za kibandani tulipumua. Candice Odgers, akikihakiki kitabu cha Haidt katika jarida la Nature mwaka 2024, aliuliza swali la msingi: mitandao ndiyo inayomwumiza kijana, au kijana aliyeumia tayari ndiye anayekimbilia mitandao? Haidt hujibu kwamba wastani huficha watu, kwamba walio hatarini zaidi ni wasichana wanaozama humo saa nyingi kwa siku. Bado wanabishana.

Mimi si mwanasayansi, ni msomaji. Swali langu ni la msomaji: kijana aliye ndani ya kitabu hiki ni nani, na anafanana na nani ninayemjua?

Tulizuiwa simu, halafu?

Dawa ya tatu ya Haidt, shule bila simu, ni mapinduzi kwa mzazi wa California. Kwa Mkenya aliyesoma bweni ni Jumatatu ya kawaida. Simu ikikamatwa ulisimamishwa masomo, mzazi akaitwa, na kuna shule ambako chombo chenyewe kilivunjwa mbele ya gwaride ili iwe funzo. Ndiyo, kulikuwa na kabambe iliyofichwa ndani ya mkate uliochongwa katikati, lakini hiyo ilikuwa ya kupiga simu nyumbani na kujua matokeo ya Arsenal. Wengi wetu tulipata simu janja ya kwanza baada ya KCSE, kama zawadi, tukiwa na miaka 17 au 18. Kwa hesabu ya Haidt tungefaa kuwa salama salmini.

Hatukuwa. Angalia simu hiyo ilifika lini: wiki ile ile kengele ilipoacha kulia. Kwa miaka minne mtu alikuwa ameamshwa, amelishwa, amepangiwa prep, amezimiwa taa. Sasa yuko nyumbani, hana ratiba, anangoja matokeo, na mkononi ana kitu kisicho na mwisho. Baadaye kinakuja chuo, na baada ya chuo inakuja ile miaka ya kutarmac ambayo hakuna aliyekuandalia. Simu haikuchukua nafasi ya mchezo wetu wa utotoni. Ilikuja kukaa mahali ambapo kazi ilitakiwa kuwa.

Ndiyo maana maumivu yetu yana sura tofauti kidogo. Msichana wa Haidt ana miaka 13 na anajilinganisha kiuno. Ninaowajua mimi wana miaka 24, wamejifungia kwenye bedsita Rongai au Kahawa, na wanajilinganisha maisha yote: nyumba, gari, mchumba, safari ya Diani, pete.

Video isiyo na mshahara

Hebu tuisome video ya maisha laini kama tunavyosoma hadithi. Sizungumzii ya mtu fulani, nazungumzia aina nzima, maana zote ni ndugu. Inaanza na pazia kufunguliwa, mwanga unaingia. Kitanda cheupe. Kahawa yenye barafu. Mazoezi. Gari, lakini tunaona usukani na mkono wenye kucha tu. Jioni ghorofa ya kumi na kitu Kilimani, jiji linawaka chini. Juu yake maneno machache kuhusu Mungu asiyechelewa.

Kilichokosekana ni nini? Hakuna mshahara. Hakuna landlord. Hakuna tokeni za stima kuisha ukiwa unapika, wala mtu anayefua zile shuka. Katika hadithi zetu, utajiri wa ghafla huwa na deni la maelezo. Mtu akitajirika usiku mmoja, msimulizi sharti aseme: alirithi, aliiba, aliolewa, alikutana na jini. Msikilizaji hakubali kuvushwa hapo bila jibu. Video hii inakuvusha. Utajiri umo tu, kama hewa, na kwa kuwa haujaelezwa, anayetazama anajieleza mwenyewe. Pengo lile analijaza na kosa lake: sikuamka mapema, sikuomba vya kutosha, nilichagua kozi mbaya. Sijui kama hiyo inapimika kwa dodoso. Lakini nimeona rafiki akitazama sekunde 40 za mtu asiyemjua, kisha akaanza kujilaumu kwa sauti.

Tena anatazama peke yake. Waliokulia mitaani wanakumbuka kibanda cha video, na wanamkumbuka DJ Afro akisimulia filamu za watu kwa Kiswahili na Sheng. Shujaa tajiri akishuka kwenye gari lake, DJ Afro alimpa jina la kuchekesha na historia ya ajabu ajabu, na ukumbi mzima ukacheka. Picha ile ya utajiri haikuweza kumwonea mtu, kwa sababu ilikuwa imeshapita kwenye mdomo wa mmoja wetu.

Hapa ndipo lazima niwatetee watu wa mtandaoni, kwa maana kazi hiyo ya DJ Afro sasa inafanywa kwenye komenti. Wakenya kwenye komenti ni hatari. Mtu akijigamba na jengo lake, mmoja anauliza kama lift inafika hadi kwa deni la benki. Wengi wanaofungua TikTok usiku hawafuati video, wanafuata kicheko cha watu wasiowajua, na baada ya siku ya kutuma barua za kazi zisizojibiwa, kicheko hicho ni dawa. Reuters Institute ya Oxford, katika ripoti yake ya mwaka 2023, iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok. Sishangai. Tunapenda hadithi, tunapenda kucheka, na bundles za saa moja ni nafuu kuliko nauli ya kwenda popote.

Ila kicheko kile kile kikimgeukia mtu mmoja, hasa msichana ambaye picha yake imevuja, huwa hakina breki. Ukumbini mtu angesema basi, inatosha. Kwenye komenti hakuna anayeona uso wa anayeumia, na kadiri watu wanavyozidi kumcheka ndivyo mtambo unavyozidi kuwaletea wengine waje wacheke. Na saa moja ya bundles ikianza unataka kuimaliza yote, liwe la kheri au la shari. Mashine ya kamari hufanya kazi hivyo. Mara nyingi unapata hewa, mara moja unapata kitu, na hujui ni lini. Mtu aliyewahi kuona vijana wakicheza Aviator hahitaji kuelezwa zaidi.

"Weka simu chini" uende wapi?

Kitabu cha Haidt ni cha heshima kuliko mawaidha tunayopewa, lakini kikifika huku kinageuzwa kuwa mawaidha: weka simu chini. Sawa, nimeweka. Halafu?

Kazi iko kwenye simu. Vijana wangapi wamelipa kodi kwa kuandika, kunukuu sauti na kuainisha picha za kufundishia akili bandia? Mtandao wa Remotasks ulipofungia Wakenya mlango Machi 2024, watu walipoteza riziki bila hata kuitwa ofisini, kwa kuwa ofisi ilikuwa skrini.

Siasa iko kwenye simu. Kuna jaribio maarufu la Marekani, la mwaka 2018, ambapo watafiti waliwalipa watu wazime Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi. Walioizima walijisikia vizuri kidogo. Pia walijua habari kidogo. Sasa chukua matokeo hayo uyalete Nairobi ya Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa unafafanuliwa kifungu kwa kifungu kwenye video fupi, unatafsiriwa kwa lugha za nyumbani, mawakili wanatoa namba zao, michango ya hospitali inapita kwenye M-Pesa. Kijana aliyezima simu wiki hizo angelala vizuri zaidi na asingejua nchi yake inaelekea wapi.

Waliokuwa macho waliona tarehe 25 Juni. Waliona miili nje ya Bunge, kwenye simu ile ile iliyokuwa imewaletea vichekesho asubuhi, bila onyo, katikati ya tangazo la wigi na wimbo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya mwaka huo. Kisha ukaja msimu wa watu kutekwa. Kufikiri mara mbili kabla ya kuposti, kubadilisha mahali pa kulala, kumwachia rafiki namba ya wakili: daktari anaweza kuuita huo wasiwasi, na ni wasiwasi kweli. Ndio ule wa kwanza, wenye akili. Haidt anasema kizazi kilichokulia kwenye simu kinaona hatari pasipo na hatari. Sisi hatari ilikuwepo, na simu ndiyo iliyotuonyesha. Shida ni kwamba baada ya kutuonyesha haikunyamaza. Iliirudia saa tisa usiku, na saa kumi, ikiwa na muziki mpya.

Na uchungu wenyewe uko kwenye simu, kwa sababu nje ya simu haukuwa na pa kwenda. Hadi Januari 2025, wakati Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kuwa kinyume cha Katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Fikiria maana yake. Mtu angeumia hadi mwisho wa kamba yake, na kumweleza mtu wa serikali ilikuwa kukiri kosa. Tunashangaa nini akiandika usiku wa manane kwenye akaunti isiyo na jina lake? Haidt anaonya kwamba kusimuliana huzuni mtandaoni kunaweza kuieneza, hasa kati ya wasichana, na sitambishia, nimeona makundi yanayoshindania nani ameumia zaidi. Lakini nimeona pia mgeni akimwambia mgeni mwenzake "niko inbox, usilale hivyo," na wakakesha wakiongea hadi kukakucha.

Uwanja

Dawa ya nne ya Haidt ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niweke kitabu chini kwa muda. Warudishieni watoto uwanja, anasema.

Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road hapa Nairobi walirudi shuleni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walitoka kuudai. Polisi waliwarushia vitoa machozi, watoto waliovaa sare, na picha zikazunguka dunia. Uwanja ulirejeshwa baada ya kelele, na sehemu kubwa ya kelele hiyo ilipigwa mitandaoni. Sasa piga hesabu: waliokuwa darasa la saba au la nane siku ile walikuwa na miaka ishirini na ushei kufikia Juni 2024. Haidt angewaita kizazi cha simu. Mimi nawakumbuka kama kizazi kilichotoka kudai mchezo kikapewa moshi, kisha kikaambiwa kinakaa sana ndani.

Kuna kundi lingine ambalo haliwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya yakifanyika Nairobi. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2019, vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikaa kwenye ofisi za kampuni ya Sama jijini humu wakiisafishia Facebook uchafu: kuchinjwa watu, kunajisiwa watoto, video baada ya video, ili mimi na wewe tusizione. Mmoja wao, Daniel Motaung, alikwenda mahakamani mwaka 2022, na kundi kubwa likafuata 2023. Desemba 2024 ripoti za kitabibu zilizowasilishwa mahakamani, zilizotayarishwa na daktari wa afya ya akili wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikutwa na mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Kitabu cha Haidt ni cha watoto wanaotazama, kwa hivyo hakiwajibiki kuwataja. Sisi tunawajibika. Tukiuliza mitandao ina hatari gani kwa akili, hapa kwetu jibu lililo kwenye karatasi za mahakama linaanza na waliokuwa kazini.

Kisomwe?

Ndiyo, kisomwe. Kuna mambo mawili ningeyachukua humo leo.

Moja ni usingizi. Katika madhara yote manne, hili ndilo ambalo halihitaji ubishi wa maprofesa. Mtu anayeamka saa kumi na moja kuwahi matatu na amelala saa nane akiskroli hana namna ya kuwa sawa, awe New York au Pipeline.

La pili ni ule mtego wa pamoja. Haidt anawaambia wazazi waungane, kwa kuwa mmoja akitoka peke yake anaumia. Hilo tunalijua kuliko yeye. Tuna chama cha mabati, cha sufuria, cha shamba Kitengela, na siri ya chama ni ile ile: peke yangu siwezi kuweka pesa, lakini nikijua Alhamisi nitaulizwa, naweka. Najua kundi moja la wasichana sita waliokubaliana grupu lao la WhatsApp lifungwe saa tano usiku, na atakayeposti baada ya hapo anunue chai ya Jumapili. Si tiba ya serikali, wala haiwahusu waliotekwa au waliofutwa kazi. Lakini imewapa usingizi, na Jumapili wanaonana.

Ningependa kitabu hiki wakisome pia wale wanaotaka kutufungia TikTok, mradi wafike hadi sura za mwisho kuhusu viwanja na uhuru wa watoto. Wakimaliza, watuambie kwenye kata yao kuna uwanja mangapi usio na ukuta wa mtu, na mtu wa kuzungumza naye kwenye zahanati siku gani za wiki. Majibu yakipatikana, tutaongea kuhusu simu. Kwa sasa, usiku ukishika ile simu na moyo unadunda, jiulize tu wasiwasi ulio nao ni upi. Ukiwa na jambo la kufanya kesho, liandike mahali ulale. Ukiwa unakuletea video nyingine tu, huo ni ule mnong'ono.